Nyamongo: kwa nini kesi za wanyonge zinafunguliwa London na Toronto, si Musoma?

Tarime Juu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Bandiko ni refu, mwenye haraka apite tu.

Kwenye uzi mwingine humu mtu aliuliza: kama kweli watu wa Nyamongo wanaonewa, mbona hawaendi mahakama za kwetu, wanakimbilia kwa wazungu? Swali lilipata vicheko vingi kuliko majibu. Mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria tu, ila haya mambo nimeyafuatilia muda mrefu. Ngoja nijibu, halafu niseme linalonikera.

Kwa asiyejua, mgodi wa dhahabu wa North Mara uko Nyamongo, Tarime Vijijini, mkoani Mara. Watu wa pale walikuwa wanachimba kwa sururu na nyundo kabla kampuni yoyote haijatia mguu. Mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines, ukanunuliwa na Placer Dome, mwaka 2006 ukaingia mikononi mwa Barrick. Mwaka 2010 ikawa African Barrick Gold yenye hisa soko la London, 2014 ikabatizwa Acacia, 2019 Barrick ikarudisha yote, na siku hizi Serikali ina asilimia 16 kupitia Twiga, kampuni yake ya ubia na Barrick. Majina haya msiyapuuze. Mtu aliyepigwa risasi mwaka 2011 akipona na kwenda kudai mwaka 2016, langoni anakuta kibao kingine.

Mambo yenyewe yanajulikana. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini. Mwaka 2016 kamati iliyoundwa na Serikali ilipokea kutoka kwa viongozi wa jamii taarifa za vifo 65 na majeruhi 270. Sijasema mahakama imethibitisha, nimesema taarifa zilipokelewa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uzi huu.

Sasa, kwa nini si Musoma?

Kwanza, anayepiga risasi mara nyingi ni askari polisi, na mgodi una makubaliano ya maandishi na Jeshi la Polisi kuhusu ulinzi. Kampuni inasema polisi ni chombo cha dola, haiwaamuru. Basi mlalamikaji anaambiwa aishitaki Serikali. Kuishitaki Serikali kunataka notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Madai ya madhara ya mwili nayo yana ukomo wa miaka mitatu. Mtu ana risasi pajani, hana ng'ombe wa kuuza, na saa inakimbia.

Pili ni PF3, na hapa naomba msome taratibu. Ukipigwa panga na jirani, unakwenda polisi wanakupa PF3, unapeleka hospitali, daktari anaijaza, inarudi kuwa ushahidi. Ukipigwa risasi na polisi, fomu unaiomba kwa nani? Kwa walewale. Ukifika kituoni unaulizwa ulikuwa wapi. Ukisema ulikuwa kwenye kifusi unaokota mawe, umekiri kuvamia mgodi. Ukidanganya, maelezo yako yameharibika mapema. Kwa hiyo wengi hawaendi. Wanatibiwa kwa siri au kwa mitishamba, na miaka miwili baadaye wakili akiuliza karatasi iko wapi, hakuna. Siyo kwamba jambo halikutokea. Halikuandikwa.

Tatu ni pesa. Wakili wa hapa atataka ya kuanzia. Kampuni za mawakili za Uingereza zilikubali kubeba gharama zikitegemea kulipwa kesi ikishinda.

Ndiyo maana mwaka 2013 wanavijiji walifungua kesi Mahakama Kuu ya London dhidi ya African Barrick Gold na kampuni ya mgodi. Mwanzoni mwa 2015 wakamalizana nje ya mahakama, masharti yakawa siri. Novemba 2022 wengine 21 wakafungua Toronto, jimbo la Ontario, Kanada, dhidi ya Barrick yenyewe. Novemba 2024 jaji akasema kesi hiyo mahali pake ni Tanzania.

Linalonikera ni hili. Kesi ya London iliisha kwa watu kupata fedha, na siwalaumu hata kidogo, mtu mwenye watoto na mguu mmoja hawezi kula hukumu. Lakini kesi ikiisha kwa siri, kijiji kinabaki bila ukurasa mmoja unaosema nini kilitokea na nani aliwajibika. Anayepigwa risasi mwaka unaofuata anaanza sifuri. Harakati zetu zimekuwa za kuwapata wateja wa mawakili, si za kutunza kumbukumbu zetu wenyewe. Nawasilisha.

Kijana wa Sirari

Umeandika kama ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, lakini nimesoma mpaka mwisho. PF3 umegonga penyewe.

Injinia Mstaafu

Mleta mada, nakuheshimu ila umeruka upande mmoja. Nimefanya kazi migodini zaidi ya nusu ya maisha yangu. Hujasema kwamba wanaoingia shimoni wanaingia kwa mamia, usiku, na mawe na mapanga. Kuna wafanyakazi walioumizwa. Kuna ukuta mgodi umejengewa, na bado watu wanapanda. Duniani kote mgodi ukivamiwa hivyo lazima kuwe na ulinzi.

Halafu kuna TEGESHA. Hilo mbona hulitaji? Mtu anasikia mgodi unapanua eneo, usiku mmoja nyumba za mabanzi na bati zinaota kama uyoga, miche ya miti inapandwa imebanana, mmiliki yuko Mwanza au Dar. Wakija wathamini wanakuta "makazi". Mnaita hiyo haki ya wanyonge?

Tarime Juu

Mzee wangu Injinia, shikamoo. Sikulitaja kwa sababu nilijua wewe au mwenzio mtalitaja.

Kutegesha kupo, hakuna Mkurya atakayekataa. Ila hebu tujiulize kunakozaliwa. Mwenye shamba halisi anaambiwa eneo lako limewekewa zuio, usijenge, usipande mazao ya kudumu, uthamini unakuja. Unakuja lini? Haambiwi. Bei ya ekari ni ipi? Haambiwi. Anakaa na nyumba inayovuja asiyoruhusiwa kuezeka. Siku moja anakuja mjanja kutoka mjini anamwambia nikodishie kipande nitegeshe, tutagawana. Pale mjanja ndiye pekee mwenye jibu la lini na kiasi gani, hata kama ni la uongo. Ukitaka kuua tegesha, fupisha muda kati ya zuio na malipo na ubandike viwango kwenye ofisi ya kijiji. Kuwaita watu wezi hakujawahi kung'oa mche mmoja.

Kuhusu uvamizi: kosa la kuingia eneo la mgodi lina adhabu yake kwenye sheria, na risasi ya mgongoni haimo. Nakubali wafanyakazi wameumizwa. Nao wanastahili yaandikwe.

Injinia Mstaafu

Marahaba. La zuio nakubaliana nawe. La risasi ya mgongoni, lete ushahidi.

Tarime Juu

Ndiyo nilichosema mzee. Ushahidi ulitakiwa uwe kwenye PF3.

Mama Kulwa

Mimi siko Mara, niko Kanda ya Ziwa upande mwingine, na mgodi wetu sitautaja. Mama yangu alifanyiwa uthamini. Walikuja vijana wawili na mwenyekiti wa kitongoji, wakahesabu miembe, wakapima nyumba kwa utepe, wakampiga picha ameshika kibao chenye namba kifuani kama mahabusu. Wakampa fomu atie dole gumba. Nakala hawakumwachia. Tulipokuja kufuatilia, namba ya kwenye picha haikulingana na namba ya kwenye orodha, na miembe ilikuwa imepungua mitano. Hatuna cha kuonyesha, mama anajua idadi ya miembe yake kwa kichwa tu.

Naomba kuuliza wanaojua, mtu akiwa kwenye hali hii anaanzia wapi? Na ile karatasi ya dole gumba ina nguvu gani?

Wakili wa Kijiweni

Mama Kulwa, pole sana. Nijibu kwa faida ya wengi, na wenzangu wa taaluma watanirekebisha.

Fidia ya ardhi si hisani. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinataja vinavyohesabiwa: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara. Watu wengi wanaangalia nyumba na miti tu, hizo posho hawazijui, hivyo hata zisipowekwa hawaulizi. Malipo yakichelewa kuna riba. Na tangu sheria ya wathamini ya 2016, taarifa ya uthamini wa fidia ina uhai wa miaka miwili, baada ya hapo inabidi urudiwe. Taarifa yenyewe lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Kwa hiyo mama aanze kwa barua, si kwa mdomo. Barua kwa mthamini wa halmashauri, nakala kwa Mthamini Mkuu na kwa mkuu wa wilaya, akiomba nakala ya fomu yake na ukurasa wa jedwali wenye jina lake. Aeleze tofauti ya namba na ya miembe. Ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yake, hata katibu muhtasi akinuna. Majirani waliokuwepo siku ya kuhesabu waandike maelezo yao sasa, kabla hawajahama.

Dole gumba linaonyesha alikuwepo, halimaanishi alikubali kiasi ambacho siku ile hakikuwa kimeandikwa. Hapo ndipo wengi wanatishwa bure.

Kuna kifungu kingine hakisemwi. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkazi kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa. Kina mlango wake wa nyuma, mamlaka inaweza kuingilia ikiona ridhaa inanyimwa bila sababu, lakini lazima mlango huo ugongwe kwa maandishi.

Turudi kwa mleta mada. Umeacha jambo zito. Mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ilibadilishwa: anayefungua shauri la kikatiba akatakiwa aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Zamani shirika la wanasheria wa mazingira kama LEAT, au la haki za binadamu kama LHRC, lingeweza kusimama kwa niaba ya jamii. Kwa marekebisho yale likamhitaji mwathirika atangulie, na jina lake lianikwe. Kijijini unajua maana ya jina lako kuwa la kwanza kwenye kesi dhidi ya mgodi unaoajiri shemeji yako.

Chumvi Kidogo

Mnazungumza kama kampuni ni shetani. Halmashauri inapata ushuru wa huduma kutokana na mauzo, kuna fedha za wajibu kwa jamii, shule zimejengwa, maji yamevutwa. Mgodi ukifungwa kesho hao wanyonge watakula nini? Muulizeni mtu wa Kwale, kule Kenya, ambako mgodi umefungwa.

Mdigo wa Msambweni

Umeniita, nimefika. Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania.

Kwale mgodi umefungwa kweli. Base Titanium walianza kuchimba mwaka 2013 na wakamaliza Desemba 2024, mchanga wenye madini umeisha. Watu wa Nguluku na Maumba walihamishwa tangu enzi za Tiomin, kampuni iliyotangulia Base, wengine wakapelekwa Bwiti, wakaacha minazi na makaburi ya wazee. Mgodi ule ulisifiwa sana, na sitasema hapakuwa na mazuri, walijenga mabweni na kulipia watoto karo.

Lakini sikiliza hili. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii iliyo pale pachimbwapo. Ni sheria nzuri, tuliipigia makofi. Ile asilimia 10 ikakaa miaka na miaka haijafika kwa sababu haikuwa imeamuliwa jamii ni nani, itapokea kwa akaunti gani, kamati itachaguliwaje. Mgodi unachimba, meli zinapakia Likoni, na sisi tunabishana nani ni jamii. Tulipoamka mchanga umekaribia kwisha. Sasa mjadala umehamia kwenye ardhi yenyewe: irudi kwa waliohamishwa, iwe ya serikali, au apewe mwekezaji mwingine?

Basi kwa anayeuliza mgodi ukifungwa watakula nini, ulizeni swali hilo mgodi ukiwa wazi. Ukifungwa hakuna wa kuulizwa.

Kijana wa Sirari

Mdigo kamaliza. Chumvi uko wapi?

Chumvi Kidogo

Nipo. Sijasema watu wasidai, nimesema wasiue ng'ombe anayekamuliwa. Hizo fedha za halmashauri kwa vijiji 11 vinavyozunguka mgodi mbona hamzifuatilii kwa nguvu hiyohiyo? Muhtasari wa vikao upo, nani ameuomba?

Tarime Juu

Hapo Chumvi tuko pamoja, na sikutegemea. Tangu marekebisho ya 2017 kampuni inatakiwa iandae mpango wa wajibu kwa jamii kila mwaka kwa kukubaliana na halmashauri. Mpango si siri. Lakini ugomvi wa wapi darasa lijengwe umekuwa mkubwa kuliko wa nani kapigwa risasi, na nadhani hilo linawafaa wengi. Diwani anayekata utepe hapendi kuulizwa habari za mto.

Kuhusu mto: Mei 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, waliupiga mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi kutoka bwawa la tope sumu, na Julai wakazuia bwawa lisitumike. Septemba zuio likaondolewa. Faini inakwenda serikalini. Kwa mama anayechota maji Tigithe hakuna hata senti iliyopita mlangoni, na sijaona utaratibu wa kumpa taarifa ya vipimo kwa lugha anayoielewa. Anaambiwa maji ni salama, mwezi mwingine anaambiwa ng'ombe wasinywe.

Wakili wa Kijiweni

Niongeze kuhusu nje, maana wengine watasoma uamuzi wa Ontario wakate tamaa. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu wanavijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, waishitaki Vedanta kule London kuhusu maji yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba. Sababu kubwa mojawapo: ilionekana hawangeweza kupata haki ya kweli nyumbani, kwa kukosa fedha na mawakili wenye uwezo wa kesi ya aina hiyo. Nayo ikaishia kwenye makubaliano mwaka 2021.

Maana yake ni kwamba ili usikilizwe nje, unatakiwa kuthibitisha kwamba nyumbani milango imefungwa. Huwezi kuthibitisha kwa kulalamika jukwaani. Unathibitisha kwa barua uliyoandika ikakosa jibu, notisi uliyotoa, fomu uliyoomba ukanyimwa. Kwa hiyo hata anayewaza Toronto, kazi yake inaanzia kwa mtendaji wa kijiji.

Injinia Mstaafu

Na ule utaratibu wa malalamiko wa kampuni yenyewe? Upo. Watu walilipwa.

Tarime Juu

Upo, na umelalamikiwa. Miaka ile ya mwanzo waliolipwa, wakiwemo wanawake waliolalamika kubakwa, walitakiwa kutia saini kwamba hawatakwenda mahakamani tena. Mashirika ya RAID na MiningWatch yaliupigia kelele sana utaratibu huo. Mtu hana wakili, karatasi ni ya kisheria, upande wa pili ndiye mlalamikiwa, mpelelezi na mlipaji. Mzee, wewe ungemshauri binti yako atie saini?

Injinia Mstaafu

Bila wakili, hapana.

Mama Kulwa

Nimeandika barua leo kama Wakili alivyosema. Swali moja: nakala niweke wapi? Nyumba ya mama iko ndani ya eneo la zuio, na ofisi ya kijiji siiamini.

Wakili wa Kijiweni

Nakala tatu. Moja kaa nayo wewe uliko, moja kwa ndugu anayeishi nje ya wilaya, moja kwa kituo cha wasaidizi wa kisheria. Piga picha kila ukurasa, muhuri uonekane, ujitumie kwa baruapepe ili tarehe ibaki. Picha za miembe piga sasa, shina moja moja, na jirani asimame pembeni yake. Na kama mama anakumbuka nani alipanda upi na mwaka gani, mwandikie aseme, umsomee, atie dole gumba mbele ya kamishna wa viapo. Safari hii nakala abaki nayo.

Tarime Juu

Wakuu, wenye nakala za fomu za uthamini za miaka ya nyuma, za vijiji vyovyote vyenye mgodi, njooni inbox. Funikeni majina na namba za simu kabla ya kutuma. Nataka tulinganishe bei ya ekari kijiji kwa kijiji, mwaka kwa mwaka.

Mdigo wa Msambweni

Za Kwale pia unazitaka? Tunazo kwa shilingi za Kenya, tangu wakati wa Tiomin.

Tarime Juu

Hizo ndizo uanze nazo.